Hadithi za Kigali zavuka mpaka bila ushuru, bei yake yakwama njiani

KIGALI. Anayefanya biashara kati ya Kigali, Goma, Kampala na Mwanza anazijua hatua zake kwa moyo. Mzigo unafungwa Nyabugogo au Gikondo, unafika Gatuna au Rusumo, unapimwa, unaandikwa, cheti cha uasili wa bidhaa kinakaguliwa, kisha safari inaendelea. Mzigo ukichelewa siku mbili, nyanya zinaoza. Karatasi moja ikikosekana, mwenye mzigo analala mpakani.

Ipo bidhaa moja ya Kigali isiyopitia hatua hata moja kati ya hizo. Ni hadithi. Mhariri akiimaliza leo jioni mjini hapa, kijana wa Goma anaweza kuifungua kwenye simu yake kabla hajalala, wala hakuna ofisa wa forodha atakayemuuliza kitu. Kwa mchapishaji mdogo wa fasihi, mwenye chumba kimoja, kompyuta mbili na deni kwa mpiga chapa, jambo hilo lilipokelewa kama neema.

Swali linalofuata kila mfanyabiashara analijua: fedha inarudije? Hadithi imekwenda, bei yake haikuja. Na kwa kuwa bei hairudi kwa njia ileile iliyopita hadithi, wachapishaji wadogo wa ukanda huu wamejikuta wakiguswa na teknolojia mahali ambapo hawakupatazamia. Walidhani litaguswa karatasi. Kumbe linaguswa lile wanalolithamini zaidi: hadithi ipi ichaguliwe, ihaririwe kwa muda gani, na itolewe kwa lugha ya nani.

Mchapishaji si mpiga chapa

Watu wengi huwachanganya wawili hawa. Mpiga chapa ana mashine. Ukimpelekea kazi anaitia wino na kukudai. Mchapishaji anaweza asiwe na mashine hata moja. Kazi yake ni kusoma miswada mia ili aupate mmoja, kukaa na mwandishi miezi kadhaa wakibishana juu ya sura ya tatu, kutafuta mchoraji wa jalada, kulipia uchapaji kabla ya kuuza nakala hata moja, halafu kusubiri. Kwa lugha ya sokoni, yeye ndiye anayeweka mtaji na kubeba hasara.

Kigali inao wachapishaji wa namna hiyo, japo si wengi. Editions Bakame ilianzishwa mwaka 1995 na Agnès Gyr-Ukunda, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ili watoto wa Rwanda wapate vitabu vya hadithi kwa Kinyarwanda. Bakame ndiye yule Sungura mjanja wa ngano za Wanyarwanda, ndugu wa Sungura anayemzidi akili Fisi katika hadithi za Waswahili. Miaka 20 baadaye, mwaka 2015, Louise Umutoni akaanzisha Huza Press, iliyojikita katika fasihi ya watu wazima. Neno lenyewe linatokana na kitenzi cha Kinyarwanda chenye maana ya kukutanisha au kuunganisha. Huza ilianza kwa kuandaa tuzo ya hadithi fupi ili kuwaibua waandishi wa ndani, na hadithi zilizopatikana zikawekwa katika mkusanyiko ulioitwa Versus and Other Stories.

Kabla ya hapo, mwandishi wa Rwanda aliyetaka kusomwa alipaswa kupitia mbali. Scholastique Mukasonga alipata tuzo ya Renaudot nchini Ufaransa mwaka 2012 kwa riwaya inayosimulia shule ya wasichana katika milima ya Rwanda, na kitabu hicho kilitolewa Paris na Gallimard. Gaël Faye naye alitoa riwaya yake ya utotoni Bujumbura mwaka 2016, Paris vilevile. Toleo la Kinyarwanda, Gahugu Gato, lilikuja baadaye. Ni kama kahawa: inalimwa kwenye vilima vya hapa, inakaangwa na kufungwa Ulaya, kisha inarudi dukani Kigali kwa bei ambayo mkulima hawezi kuilipa.

Mfano wa Yolande Mukagasana unaonyesha vizuri kinachofanywa na mchapishaji wa ndani. Mukagasana alikuwa muuguzi wa Nyamirambo. Mumewe na watoto wake watatu waliuawa mwaka 1994. Ushuhuda wake ulitoka kwa Kifaransa mwaka 1997, ukasomwa sana Ulaya. Ilichukua miaka 22 hadi Huza Press ilipotoa tafsiri ya Kiingereza mjini Kigali, mwaka 2019, kwa jina la Not My Time to Die, iliyofasiriwa na Zoe Norridge. Kitabu cha aina hiyo hakiharakishwi. Jina la mtu aliyefichwa chini ya sinki, jina la aliyemficha, tarehe ya kifo cha mtoto: kila kimoja kikikosewa kinamuumiza mtu aliye hai, na kinampa silaha anayetaka kukana yaliyotokea. Maandishi ya mtandaoni yanaweza kusahihishwa saa yoyote, kwa hiyo wengi huyatuma kwanza na kuyakagua baadaye. Mhariri wa ushuhuda hana ruhusa hiyo. Hapo thamani za mchapishaji mdogo na mwendo wa mtandao hazipatani kabisa, na ni afadhali zisipatane.

Mlango uliofunguliwa na intaneti

Hata hivyo ingekuwa kukosa shukrani kusema intaneti imeleta hasara tu. Fasihi mpya ya Afrika Mashariki inadaiwa mengi na mtandao.

Mwaka 2002, marehemu Binyavanga Wainaina wa Kenya alishinda tuzo ya Caine kwa kisa kilichokuwa kimetolewa katika jarida la mtandaoni. Hakukuwa na kitabu wala jarida la karatasi la hapa kwetu lililomtangulia. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanzisha jarida la Kwani? jijini Nairobi, la karatasi nzito na picha, na Kwani Trust ikawa nyumba ya kizazi kizima cha waandishi. Yaani aliyeingia kwa mlango wa mtandao aliutumia umaarufu wake kujenga kitu cha karatasi. Wanaodhani njia hiyo ni ya upande mmoja, kutoka karatasi kwenda kwenye kioo cha simu, wanasahau hilo.

Muongo mmoja baadaye wakaja Jalada, kikundi cha waandishi kilichozaliwa mwaka 2013, chenye makao Nairobi lakini wanachama wake wametawanyika barani. Wao walikusanya hadithi, wakazihariri wenyewe, wakaziweka mtandaoni bure. Machi 2016 walitoa hadithi ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kikuyu, inayoeleza kwa nini binadamu anatembea wima, ikiwa katika lugha zaidi ya 30 kwa mpigo mmoja, Kinyarwanda, Luganda na Kiswahili zikiwemo. Jaribu kuiwaza kazi hiyo kwa karatasi. Matoleo 30, mabamba ya kuchapia 30, majalada 30, malori kwenda kila upande, na mengine ya lugha zisizo na duka hata moja la vitabu. Isingefanyika. Mtandao uliifanya iwezekane kwa gharama ya muda wa watu.

Muda huo wa watu ndio wa kuutazama. Mfasiri aliyekaa usiku na mhariri aliyelinganisha sentensi walifanya kazi kwa mapenzi. Mapenzi huanzisha mambo makubwa, lakini hayalipi kodi ya pango mwaka wa saba. Ukitazama historia ya majarida ya fasihi ya mtandaoni katika ukanda huu, mengi yanafanana: mwanzo wenye moto, matoleo matatu au manne yanayosifiwa, kisha ukimya. Jalada wenyewe waliona kwamba mtandao peke yake hautoshi. Mwaka 2017 walipanda basi na kuzunguka nchi tano, Rwanda na Kongo zikiwemo, wakisoma hadithi zao mbele ya watu.

Kitabu chenye sauti

Jaribio ambalo pengine limefikiriwa vizuri kuliko mengine lilifanyika Kigali yenyewe, mwishoni mwa miaka ya 2010. Huza Press iliungana na Kwani Trust ya Nairobi na No Bindings, mchapishaji mdogo wa Bristol, Uingereza. Mradi wao uliitwa RadioBook Rwanda. Walitoa vijitabu vidogo vya karatasi, na kila kijitabu kikawa na mwenzake wa sauti, kipindi cha kusikiliza kwa simu. Msomaji angeweza kushika kitu mkononi na pia kusikia.

Kwa mtazamaji wa haraka hayo ni mapambo. Ukiyachunguza, yanajibu matatizo matatu ya biashara ya vitabu katika ukanda huu. Kitabu kinene ni ghali. Kijitabu ni rahisi. Watu wengi wana dakika za kusikiliza ndani ya basi kuliko saa za kukaa na kusoma. Na fasihi ya Wanyarwanda, kama ya Waswahili, ilikuwa ya mdomo karne nyingi kabla ya kuandikwa. Kule kwao palikuwa na igitaramo, baraza la jioni la masimulizi, nyimbo na majigambo. Kwetu palikuwa na Paukwa na Pakawa. Redio ilipofika iliikuta tabia hiyo tayari imekaa.

Kuna na jambo la lugha yenyewe. Maandishi ya kawaida ya Kinyarwanda hayaonyeshi irabu ndefu wala kupanda na kushuka kwa sauti. Neno gusura, kwa irabu iliyovutwa, maana yake ni kumtembelea mtu. Irabu ikikatwa fupi, linakuwa kitendo ambacho mgeni mwenye adabu hakifanyi sebuleni. Msomaji wa Kinyarwanda hubashiri kwa muktadha. Msimulizi habashirishi mtu. Sauti yake inaamua. Kwa mwandishi wa vichekesho, na hata wa mashairi, hilo ni jambo kubwa. Vifaa vya kurekodi, ambavyo leo vinaingia kwenye mkoba mmoja, vimerudisha kwenye fasihi ya Kinyarwanda kitu ambacho alfabeti ilikiacha nje.

Kazi ya mhariri nayo inabadilika. Sentensi inayopendeza kwenye ukurasa inaweza kumchosha msikilizaji, kwa kuwa hawezi kurudi nyuma kwa jicho. Mhariri analazimika kuisoma kwa sauti na kuikata. Majina mawili yanayofanana yanabadilishwa. Mazungumzo yanapungua "alisema" kwa sababu sauti tayari imeonyesha nani anasema. Na linazuka swali lisilokuwapo zamani: asome nani? Mtu wa Kigali mwenye lafudhi ya shule, au mtu wa mpakani ambaye Kinyarwanda chake kina harufu ya Gisenyi? Uamuzi huo ni wa kisanii sawasawa na uamuzi wa jalada, na hakuna programu inayoweza kumfanyia mchapishaji.

Hesabu za mchapishaji

Sasa turudi kwenye fedha. Chanzo cha taabu ya mchapishaji mdogo ni hesabu ambayo muuza jumla yeyote ataielewa. Katika uchapaji wa mashine kubwa, gharama ya kuandaa mabamba na kuitega mashine hulipwa kabla ya nakala ya kwanza. Tuseme ni faranga 600,000. Ukichapa nakala 200, kila nakala imebeba faranga 3,000 za maandalizi peke yake, kabla ya karatasi na gundi. Ukichapa 3,000, kila moja imebeba 200. Kwa hiyo mashine inakusukuma uchape nyingi. Lakini nakala 3,000 za hadithi fupi za waandishi wapya, katika mji wenye maduka ya vitabu ya kuhesabika kwa vidole, zitalala stoo na kuliwa na mchwa.

Mashine za kidijitali zimeilegeza kamba hiyo. Zinachapa nakala 50 au hata moja kwa bei ileile kwa kila nakala. Ni ghali kidogo kwa nakala, lakini mtaji haufi. Thamani ya kisanii iliyokombolewa hapa ni ujasiri: mchapishaji anaweza kutoa kitabu cha mashairi ambacho anajua kitawapata wasomaji mia mbili tu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuchapa kwa oda. Shirika la African Books Collective, lililoundwa na wachapishaji wa Afrika wenyewe mwaka 1989, Walter Bgoya wa Dar es Salaam akiwa miongoni mwao, linauza vitabu vya bara hili nje. Siku hizi faili huhifadhiwa, na mteja akiagiza, nakala yake huchapwa karibu naye. Haipandi meli tena. Kwa maktaba ya chuo kikuu cha Marekani ni jambo zuri mno. Matokeo yake ya ajabu ni kwamba kitabu cha mwandishi wa Afrika Mashariki kinaweza kumfikia msomaji wa London kwa wepesi kuliko kumfikia mwalimu wa Bukavu, kilomita chache kutoka mpaka wa Rusizi. Huyo wa London ana kadi ya benki na posta inayofika mlangoni. Wa Bukavu ana fedha kwenye simu, ambazo duka la mtandaoni la ng'ambo halizitambui.

Vitabu vya kielektroniki vina ukuta wao. Kampuni ya Amazon, yenye duka kubwa kuliko yote, humlipa anayejichapishia kwake asilimia 35 au 70 ya bei. Ile 70 inapatikana tu kitabu kikiuzwa kati ya dola 2.99 na 9.99, na si kwa wanunuzi wa kila nchi. Dola 2.99 ni fedha ya kuwaza mara mbili kwa msomaji wa Kimironko. Zaidi ya hapo, kwa miaka mingi orodha ya lugha zinazokubaliwa na mfumo huo imekuwa na Kiafrikana cha Afrika Kusini, lakini Kiswahili na Kinyarwanda hazikuwemo. Lugha inayozungumzwa kutoka Lamu hadi Kisangani haikupata rafu katika duka hilo.

Mchapishaji akitazama hali hiyo anaona mlango mmoja ulio wazi: Kiingereza, kwa msomaji wa mbali, au kwa mfadhili wa mbali. Hakuna anayemlazimisha. Ila mwaka hadi mwaka, hadithi inayoeleweka kirahisi Ulaya inaanza kupita mezani kabla ya nyingine. Kisa cha mama anayevusha maziwa Goma, chenye utani unaohitaji kujua bei ya dumu na jina la askari, kinarudishwa kwa mwandishi na maombi ya kukifafanua. Kikishafafanuliwa, utani umekufa. Kuwalaumu wafadhili si haki, maana miradi mingi mizuri ya fasihi katika ukanda huu isingekuwepo bila wao. Ila anayelipa hutegemewa, na anayetegemewa huanza kusikilizwa hata pale asipotaka kusema.

Bure ya halali na bure ya magendo

Kwa upande wa watoto hali ni tofauti kidogo. Mwaka 2014 shirika la Saide la Afrika Kusini lilizindua African Storybook, hifadhi ya hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika. Leseni yake inaruhusu mtu yeyote kusoma, kufasiri na kubadilisha bila kulipa. Mwalimu wa kijijini asiye na kitabu hata kimoja anapata hadithi za mwaka mzima. Hilo halina wa kulipinga.

Lakini linamgusa mchapishaji kama Bakame, ambaye kazi yake ilikuwa kumlipa mwandishi na mchoraji ili mtoto wa Rwanda aone kilima cha kwao na mavazi ya kwao kwenye picha. Katika hifadhi ya bure, picha moja hutumika kwa lugha kumi. Mtoto wa Huye na mtoto wa pwani wanatazama kibanda kilekile. Mnunuzi mkubwa, awe shule au shirika, akiona hadithi za bure zipo, huuliza kwa nini alipe. Save the Children walilielewa tatizo hilo walipoanzisha mpango wao wa vitabu vya watoto Rwanda mwaka 2013: waliwafundisha wachapishaji wa ndani na pia walinunua vitabu vyao kupeleka shuleni. Mafunzo bila mnunuzi yasingemfikisha mchapishaji mbali.

Bure nyingine ni ile ya magendo. Kitabu kinapigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kinatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na kufikia asubuhi kimeenea Kigali nzima. Anayetuma hujiona mkarimu. Wafanyabiashara wanaomsoma huyu katika gazeti wanaweza kumfananisha na anayepitisha vitenge kwa njia ya panya: kila mtu sokoni anafurahia bei, isipokuwa yule aliyelipia mzigo halali na sasa hauziki. Baadhi ya wachapishaji wameacha kabisa kutuma faili kwa wahakiki, wanapeleka karatasi kwa mkono. Kwa hiyo teknolojia ya kasi kuliko zote imewarudisha kwenye pikipiki.

"Batu" au "watu"

Biashara kubwa zaidi ambayo haijafanywa ni ya Kiswahili. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Februari 2017 wabunge wakapitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mwaka 2022 Kongo ikajiunga na Jumuiya. Kutoka Kigali, ukichora duara la safari ya siku moja ya basi, utagusa Goma, Bukavu, Bujumbura na Bukoba, miji ambayo sokoni kwake Kiswahili kinatosha kununua na kuuza. Hata hivyo vitabu vya fasihi vinavyotoka Kigali viko zaidi kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa.

Hapa ndipo mashine za kufasiri zinapobisha hodi. Unaingiza hadithi ya Kiingereza, dakika moja baadaye una Kiswahili. Kwa ankara na barua ya mteja zinafaa. Kwa hadithi, zinaleta Kiswahili kisicho na mji. Mwanamke wa Kadutu, Bukavu, akizungumza na wateja wake, husema "batu". Mashine itamwandikia "watu", na mhariri aliyesomea Kiswahili cha shule atakubaliana nayo na kupiga mhuri. Sentensi itakuwa sanifu, na mwanamke huyo atakuwa ametoweka, mahali pake amewekwa mtu anayesoma taarifa ya habari. Msomaji wa Dar es Salaam akiikuta "batu" ukurasa wa kwanza ataguna. Akifika ukurasa wa tano atakuwa ameshaisikia sauti, na hatataka ibadilishwe. Mhariri anapaswa kumwamini msomaji huyo kurasa nne, na imani ya namna hiyo haimo ndani ya programu.

Njia za kurudisha fedha zinajengwa, taratibu. Pesa za simu tayari zinavuka mipaka kadhaa ya ukanda huu, na wanaouza simu na vipodozi kwa picha za WhatsApp wameshaonyesha jinsi oda inavyopokelewa, inavyolipiwa na kufungwa. Kitabu kinaweza kufuata mkondo huohuo. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya hauvitozi vitabu vilivyochapwa, na utaratibu rahisi wa biashara kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 unajulikana kwa kila mchuuzi wa mpakani. Vikwazo vilivyobaki ni vya ndani ya nchi. Kenya, kwa mfano, inatoza vitabu asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani tangu sheria ya 2013, na mwenye duka wa Nairobi lazima aihesabu kabla ya kupanga bei.

Mchapishaji wa Kigali anayetaka kuijaribu njia hiyo haanzi na kontena. Anaanza na nakala 40 za kijitabu, uzito ambao dirisha la vifurushi la basi Nyabugogo linaupokea bila maswali mengi. Sauti ya hadithi ya kwanza inatangulia bure kwenye simu, kama kionjo cha asali kwenye ncha ya kijiti. Anayetaka zilizobaki analipa kwa simu kabla basi halijaondoka. Upande wa pili anapokea mtu mwenye kibanda cha vocha, daftari na madaftari ya shule, ambaye faida yake iko kwenye kila nakala, na ambaye akiulizwa "kinahusu nini?" anaweza kujibu, kwa sababu ameshakisikiliza.

Kilichobaki ni kukubaliana asilimia za yule mwenye kibanda, na nani anabeba hasara ya nakala zilizolowa mvua.